Nguzo za Bibi Etelvina

Fatulaun, Bobonaro
Agosti 2001

Mdogo wangu mpendwa Adelino,

Nakusalimu kwa salamu za nyumbani, na neno hilo sasa naliandika bila kuona haya. Habari za huko Atambua, ng'ambo ya mpaka? Kile kikohozi kimepoa, au bado mnalala juu ya saruji kwenye lile ghala? Sista Ermelinda, anayekuletea barua hii, ameniambia umekonda na umefuga ndevu. Ndevu nyoa. Kukonda tutakushughulikia wenyewe. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua, na tambuu anatafuna kama kawaida yake, anatema hadi mlangoni pamekuwa pekundu.

Najua pia kwamba huko kambini barua hufunguliwa kabla haijamfikia mwenyewe. Basi wewe uliyeifungua, shikamoo ikiwa umenizidi umri, na ikiwa hujanizidi, hujambo. Soma polepole, kisha umpe ndugu yangu karatasi yake. Mlitutangazia kwamba wanawake wanaorudi hukatwa vidole na wanaume hutupwa kisimani. Vidole vyangu ninavyo vyote, na ndivyo vinavyoandika. Kisimani nilichungulia siku ya kwanza tu: kuna maji na ndoo moja ya mtu iliyozama.

Adelino, nikueleze tulivyofika. Malori ya shirika la wakimbizi yalitushusha mpakani Batugade. Askari wa amani wakatupekua mizigo, wakachukua kisu changu cha mihogo, wakaniandikia nitapewa kingine. Tukapewa turubai, mablanketi, sufuria, mchele, maharagwe na dumu la mafuta, na lori jingine likatupandisha hadi kwetu. Mama alikuwa anaimba njiani. Tulipokata ile kona ya mwisho akanyamaza. Nyumba zote zimebaki kuta nyeusi, Adelino. Magugu yameota pale ulipokuwa unalala. Nilimwona Mama anashuka, anakwenda moja kwa moja hadi lilipokuwa jiko lake, anasimama pale kama mtu anayesikiliza chungu kinachemka. Kisha akasema, "Haya, leteni hilo turubai," na tukaanza.

Hakuna aliyetupiga. Lakini usije ukadhani tulipokelewa kwa ngoma. Watu wanatuita "wa ng'ambo." Bombani nikipanga ndoo yangu, naikuta imesogezwa nyuma. Mke wa Bwana Tome aliwahi kusema kwa sauti, ili nisikie vizuri, "Wengine walikunywa maji ya Atambua miaka miwili, kiu ya nini tena?" Nikamjibu kwamba maji ya Atambua yana chumvi, ndiyo maana nimerudi na kiu mara mbili. Wanawake walicheka, yeye hakucheka. Ndoo nikairudisha mbele. Kila siku wanaisogeza nyuma, nami kila siku naipeleka mbele. Tuone nani atachoka.

Wewe ulipoondoka Bwana Tome alikuwa fundi wa pikipiki tu, siku hizi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kugawa misaada. Si mtu mbaya. Alijificha mlimani na watoto wake wakila mizizi mwezi mzima, na mmoja hakushuka naye. Nakuambia haya ili nitakayoyasema juu yake uyapime sawasawa.

Mwezi uliopita shirika lilileta mabati. Utaratibu ni huu: mabati, misumari na nyundo vinatoka kwao, nguzo na boriti kila nyumba ikajikatie msituni. Wanaanza na wajane, wagonjwa na wenye watoto wachanga. Kwa hesabu hiyo wa kwanza ni Bibi Etelvina. Tangu nyumba yake iungue anaishi ndani ya lile banda la jikoni lililobaki, na upande mmoja ameziba kwa gunia. Wa pili alikuwa Jeronimo, kwa sababu mkewe amejifungua chini ya turubai na mtoto anakohoa.

Jeronimo unamfahamu, mlicheza mpira pamoja, mkavalishwa kofia zile za wanamgambo siku moja. Yeye alirudi kabla yetu. Na tangu arudi amebeba mzigo ambao ninyi huko hamkuujua. Nyumba nyingine zote za Fatulaun zilichomwa baada ya kura ya uhuru na watu waliotoka mbali, waliokuja kwa malori, na kila mtu anajua. Lakini nyumba ya Bibi Etelvina iliungua kabla hawajafika. Bibi mwenyewe alikuwa amejificha kwenye mahindi. Hakumwona aliyewasha, ila alisikia mbwa wake anabweka, kisha akasikia mtu anamtuliza: "Bobi, Bobi, nyamaza." Mbwa akanyamaza. Mgeni hawezi kulijua jina la mbwa. Kwa hiyo watu wakasema ni mtu wa hapa hapa, na kati ya vijana waliovaa kofia, aliyerudi ni mmoja tu. Walimpiga Jeronimo mara ya kwanza aliporudi. Meno ya mbele hana. Alikana, akasema si yeye, wakampiga tena, akaacha kukana.

Siku ya mabati tulikutana kwenye uwanja wa shule. Yupo mama mmoja Mzungu wa shirika, na kijana wa kutoka Dili anayemtafsiria. Mabati yamepangwa chini, yanang'aa hadi macho yanauma. Bwana Tome akasimama, akasema hakuna atakayepigilia msumari hata mmoja mpaka kijiji kijisafishe. Akasema hatuwezi kumpa bati aliyechoma kabla ya waliochomewa. Akataka Jeronimo afutwe, yeye na mke na mtoto warudishwe walikotoka.

Yule mama wa shirika akasema yeye amekuja kuezeka, hakuja kuhukumu, na kwamba kama watu hawapatani atapakia mabati yake ayapeleke kijiji kingine hadi tupatane. Kijana alipotafsiri, watu wakaguna. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Basi mtoeni upesi, tuezekewe!" Ndipo nikaelewa kinachokuja: Jeronimo anauzwa kwa bati. Wakamsukuma katikati. Mkewe alikuwa amempakata mtoto, hakulia, alikuwa anafunga kanga ya mtoto vizuri kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Sasa, Adelino, kaa chini kama umesimama.

Unakumbuka ulipougua malaria kule ghalani, ukanishika mkono usiniache hata nikachote maji. Uliniambia. Uliniambia wale wa kofia walikujia ukiwa unakula, wakakupa dumu la petroli, wakasema kama wewe ni mwenzetu tuonyeshe, anza na nyumba yoyote. Ukachagua ya Bibi Etelvina kwa sababu ulimwona ametoka. Uliniambia juu ya mtambo wake wa kufumia, kwamba kitambaa chake cha tais kilikuwa bado kimefika nusu, na kwamba ndicho kilichoshika moto kwanza. Na ulimtaja mbwa. Kisha homa ikashuka na hatukuzungumza tena.

Nilisimama. Mama alinishika kitenge akanivuta, akaninong'oneza, "Kaa chini, mwanangu. Damu nzito kuliko maji." Nikamwambia, "Ndiyo, Mama, na ile waliyomtoa Jeronimo mdomoni ilikuwa damu ya nani?" Nikatoa mkono wake taratibu. Nikasema mbele ya watu wote: "Nyumba ya Bibi Etelvina ilichomwa na Adelino, mdogo wangu, tumbo moja, mwana wa mama huyu aliyekaa hapa. Jeronimo mwacheni."

Ndiyo. Nilikutaja. Sikulazimishwa na mtu, sikulewa, wala sikuahidiwa bati. Nilisema pia kwamba ulilazimishwa, maana ni kweli. Lakini sikukupamba. La kuvunda halina ubani.

Bwana Tome akadakia. Akasema kumbe nyoka alikuwa kwenye nyumba nyingine, basi itoke hiyo nyumba nzima, mama mtu na dada mtu. Nikamuuliza, "Nitoke niende wapi, Bwana Tome? Mimi ndiyo nimeshafika." Akasema mabati sisi hatupati. Nikamwambia tuwekeni wa mwisho kabisa, baada ya mbwa na kuku, lakini wa mwisho naye yumo kwenye hesabu. Na kama wa mwisho hayumo, basi tutakaa chini ya turubai hadi lioze, na likioza tutakaa chini ya mbingu, ila tutakaa hapa hapa, juu ya kitovu changu alichokizika baba.

Hapo Bibi Etelvina akanyanyuka. Unajua alivyo mdogo, na siku hizi amepinda zaidi. Akaja hadi usoni pangu. Nikadhani atanizaba kofi, nikamwachia shavu. Akaniuliza swali moja tu, kama mbwa alimlamba mkono yule kijana. Nikasema sijui, hakuniambia. Akasema, "Alimlamba. Alikuwa anamlamba kila mtu, mbwa mjinga yule." Kisha akamgeukia kijana wa kutafsiri, akamwambia amweleze mama wa shirika kwamba bati lake atalipokea na anamshukuru, na misumari pia. "Lakini nguzo sikatiwi na mtu wa kamati, wala na huyu dada yake. Azikate aliyeziunguza. Mpaka aje, mimi nipo jikoni kwangu."

Mama wa shirika akasema mvua zitaanza kabla ya Krismasi na Bibi hawezi kukaa kwenye gunia. Bibi akamjibu kwamba mvua anaifahamu, wamezeeka pamoja. Wakambembeleza, Bwana Tome akapiga magoti, hataki. Basi kijiji kizima kinaezekwa, Jeronimo ameezekwa, na mabati ya Bibi yamelazwa chini kando ya banda lake, juu ameyawekea mawe yasipeperushwe. Kila mtu apitaye njia anayaona.

Jeronimo hajanishukuru. Tukikutana anatazama pembeni, nami sidai. Mkewe alileta mihogo ya kuchemsha akaiweka mlangoni akaondoka. Bombani sasa wamegawanyika: wengine wananiita dada wa mchomaji, wengine wananiita aliyemuuza ndugu yake. Nimewaambia wapatane jina moja, niitike.

Adelino, sikuandikii nikuombe radhi. Nimejichunguza, sina radhi ya kuomba. Nakuandikia uje. Sista Ermelinda ataandikisha jina lako kwa watu wa shirika, na malori yanatoka Atambua kila wiki. Mpakani watakuuliza ulikuwa wapi na ulifanya nini. Waambie ukweli, usiongeze, usipunguze. Utapewa turubai na mchele kama tulivyopewa sisi. Kisha utapanda lori la huku, na hapo ndipo hakuna wa kukusaidia ila miguu yako. Sikudanganyi. Hawatakuua, Bwana Tome mwenyewe ametamka hilo mbele ya padre, na mkeka wa upatanisho utatandikwa, wazee watakaa, tambuu itazungushwa. Lakini watakutemea mate. Mate hukauka. Jeronimo huenda akataka meno yake. Hilo mtazungumza ninyi wawili.

Na kama umeamua kubaki huko, uwe mtu wa kofia hadi uzee, baki. Ila ujue mimi sitasema tena kwamba hujulikani ulipo. Wakiniuliza nitasema: yupo Atambua, mzima, ana mikono miwili, na amemwacha ajuza alale na mvua.

Mama alikuwa hanisemeshi tangu siku ile. Alikuwa anapika chungu chake, mimi changu, chini ya turubai moja, tunapishana kama wapangaji. Leo asubuhi aliniona nimeketi na karatasi hii. Akasimama nyuma yangu. Akaniuliza, "Unamwandikia?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama nimemwambia yale ya uwanjani. Nikamjibu, nimemwambia yote. Akatema tambuu yake nje, akarudi, akasema niongeze neno lake, na naliandika kama lilivyotoka kinywani mwake:

"Mwambie miti mizuri ya nguzo imebaki ng'ambo ya mto tu, kule juu. Na watu wanaikata kila siku. Akichelewa atakuta mibovu."

Nisalimie wote wa ghalani wanaotamani kurudi, na wasiotamani pia. Mungu akulinde na akupe miguu.

Ni mimi dada yako, nisiyehama,

Felismina