Mkaja wa Mzazi kwenye Tumbo la Mume Wangu

Mbwera, 25 Januari 1996

Mpendwa Bi Johari,

Salaam nyingi, na baada ya salaam naomba unipe neno kabla sijatia sahihi yangu kwenye uongo. Mimi ni mke wa mtu, nina watoto watatu, na jina langu usiliandike maana siku hizi magazeti ni mengi na yanafika mpaka huku kwetu visiwani, wanunuzi wa kamba wanayaleta pamoja na barafu yao, na shemeji yangu ni msomaji hodari.

Mume wangu, tumwite Mfaume, ni mkata boriti kwenye mikoko, mtu wa nguvu na mtu wa sigara, na tumbo lilikuwa likimsumbua siku nyingi akawa anameza vidonge vya maumivu vya dukani kama anakula karanga, hata mwezi wa Rajabu akaanguka tumbo limekuwa gumu kama ubao, tukampakia kwenye boti ya hao hao wanunuzi mpaka Nyamisati na kutoka hapo tukapata gari la kutufikisha hospitali, na daktari akasema kidonda cha tumbo kimetoboka, wakampa nusu kaputi wakampasua kutoka chini ya kifua mpaka kitovuni, na alhamdulillahi akatoka hai.

Hapo ndipo inapoanza dhambi yangu. Siku ya pili yake mama mkwe alikuja na mkaja wangu mwenyewe, ule niliofungwa tumbo kwenye uzazi wa mwisho, akasema tumbo lililofunguliwa ni tumbo lililofunguliwa, liwe la uzazi au la kisu, lisipobanwa litaingia upepo, na mimi sikufanya kwa ubaya Bi Johari, nimefungwa mara tatu na mara zote tatu nilisimama vizuri, basi nikamfunga. Nikauzungusha mara nne kutoka kiunoni mpaka chini ya chuchu, nikakaza, na yeye mwenyewe akasema anajisikia ameshikwa vizuri kwa sababu nyuzi hazikuvuta tena. Kila asubuhi daktari akikaribia kupita mimi naufungua naufutika ndani ya kapu, akishapita naurudisha.

Masista walimwambia tangu mwanzo akae kitako, avute pumzi ndefu, akohoe, naye akiitikia ndiyo, lakini wakigeuza migongo tu analala chali kama gogo, kikohozi akikizuia kooni kwa kuogopa nyuzi zisiachie, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpapasa kifua ili kikohozi kitulie.

Siku ya tatu akapata joto, pumzi ikawa fupifupi na ya haraka kama ya mtu aliyetoka mbio, daktari akamsikiliza mgongoni, wakampiga picha ya kifua, akarudi nayo akamwambia sista mbele yangu kwamba pafu la kulia limelala kwa chini, kisha akaenda kitanda cha pili. Nikatoka nje kuwapa habari ndugu, nikawaambia daktari kasema pafu limelala. Mama mkwe akashukuru Mungu. Akasema nalo limechoka, liacheni lipate usingizi wake, na yule shemeji yangu, naye nimwite Bushiri, kaka yake Mfaume, akasimama mlangoni kuwazuia watu wasitoe salamu kwa sauti, na tukakaa kimya mchana kutwa tukililindia usingizi wake pafu la mtu.

Kesho yake akaingia zamu sista mmoja, nitamwita Faudhia. Akaja kumwinua, mama mkwe akamwambia usimwamshe, pafu limelala, yule sista akatutazama mmoja mmoja kama watu waliopotea njia, akawaomba ndugu watoke, akabaki na mimi. Akafunua shuka akauona mkaja. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Hakunipigia kelele, aliufungua taratibu, akaukunja, akanipa mkononi, akaniambia:

"Dada, mkaja ni wa mzazi. Huyu anatakiwa apumue."

Halafu akampa dawa ya maumivu, akangoja imkolee, akamkalisha, akamkumbatisha mto kwenye jeraha, akawa anampiga mgongoni kwa kiganja alichokikunja kama kikombe, anamwambia kohoa, na Mfaume anakohoa huku machozi yanamtoka, na wakati huo huo Bushiri akachungulia dirishani akaona nduguye analia na sista anampiga. Hakuona lingine. Makohozi mazito yalitoka siku ile, na sista akawa anarudi kila saa kumpulizisha mrija ndani ya chupa ya maji na kumtembeza wodini, siku ya sita joto likashuka, siku ya kumi tukarudi nyumbani, Mfaume akapanda boti kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa Bushiri ameandika malalamiko kwamba mgonjwa alipigwa, na kwamba pafu liliharibiwa na sista. Faudhia ametolewa wodini amewekwa stoo kukunja bandeji mpaka kikao baada ya Idi, na mimi natakiwa nitie sahihi kama shahidi kwa kuwa ndiye niliyekuwa ndani. Nimesikia kwamba alipoulizwa hakutaja mkaja. Hata kwenye faili hakuuandika. Na Mfaume ana ngiri ya siku nyingi ambayo daktari alitaka kuitengeneza kwa kisu mwezi wa tano, sasa anasema bora afe nayo kuliko kurudi kupigwa.

Nikisema kweli nitamwaibisha mama mkwe na mume wangu atajua ni mkono wangu uliomziba, nikinyamaza yule dada anapoteza kazi. Je, ni mimi niliyeliua pafu la mume wangu? Na nifanye nini?

Mimi Mfungaji.

*

BI JOHARI ANAJIBU:

Mfungaji, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili ulinichemsha damu, kwa hiyo kaa kitako upokee vyote viwili.

Tuanze na pafu, maana swali lako la kwanza nalijua jibu lake. Kabla sijawa mtu wa kujibu barua nilivaa gauni jeupe miaka kumi na tisa, na wagonjwa wa namna ya Mfaume nimewainua kitandani mpaka mgongo wangu mwenyewe ukaomba likizo. Pafu la mumeo halikufa wala halikuharibika. Lilinywea. Daktari aliposema limelala alikuwa anasema lile fungu la chini limeishiwa hewa na kuta zake zimegusana, kama mfuko wa nailoni uliokaliwa. Hilo ni neno lao wenyewe wa hospitali, na ninawalaumu kwa kulitupa mbele ya mke wa mgonjwa na kuendelea na safari yao. Pafu halina usingizi wa kupumzika. Likilala ndiyo limeacha kazi, na likiachwa hivyo makohozi yanaganda humo, vijidudu vinapata nyumba, ndipo inapokuja homa ya mapafu ambayo imezika watu waliokwisha kushonwa salama.

Nani aliyelifanya linywee? Usijipe cheo hicho peke yako, shoga yangu. Nusu kaputi yenyewe huanza kazi hiyo, kwa sababu mtu aliyelazwa nayo hupumua kidogo kidogo na hakohoi. Mshono wa juu ya kitovu huongeza, kwa kuwa kila pumzi ndefu inauma na mtu anajibana. Sigara za Mfaume zilikwisha kumjazia makohozi kifuani kabla kisu hakijamgusa. Kulala chali kutwa nzima kulishindilia. Kikohozi alichokizuia, na wewe ukampapasa ili kitulie, ndicho kilichokuwa kimekuja kumsaidia. Halafu juu ya hayo yote ukauzungusha mkaja mara nne mpaka mbavuni. Mbavu zisipotanuka na tumbo lisiposogea, hewa itashuka mpaka chini kwa njia ipi? Mkaja ulikuwa mmoja wa wengi, lakini ulikuwamo. Sitakudanganya ili ulale vizuri.

Na mkaja wenyewe siutukani. Nimewaona wazazi wengi nao wakakaa sawa, japo hata mzazi habanwi mpaka mbavuni, na aliyepasuliwa hafungwi kitu bila kumwuliza aliyempasua. Kosa la kutojua nakusamehe mara moja. Lisilosameheka upesi ni lile kapu. Mtu anayefungua kila daktari akikaribia na kufunga akishapita, huyo moyo wake umekwisha kumwambia kitu. Ungemwuliza sista swali moja tu siku ya kwanza, usingekuwa unaniandikia.

Sasa sikiliza vizuri Faudhia alifanya nini, ili ukamweleze shemeji yako Bushiri aliyeona kwa dirisha. Kumpiga mgonjwa mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa ni kuyabandua makohozi yaliyoganda. Dawa ya maumivu kwanza ni ili aweze kuvuta pumzi bila kujikunja. Mto kwenye jeraha ni kulishika lisivutwe anapokohoa, na nyuzi za tumbo haziachii kwa kikohozi kilichoshikwa hivyo. Chupa na mrija ni kumlazimisha asukume hewa ili pafu lifunguke. Kutembea kunazidi vyote. Hiyo ndiyo dawa ya pafu lililonywea, na mara nyingi inatosha yenyewe. Isipotosha wanamwekea mgonjwa hewa ya mtungi, wanayanyonya makohozi kwa mpira, na vijidudu vikishaingia wanampa dawa yake. Mumeo hakufika huko kwa sababu yupo mwanamke mmoja aliyeingia kila saa. Machozi aliyoyaona Bushiri yalikuwa machozi ya mtu anayefunguliwa kifua. Yanauma, sikatai.

Nakuja kwako. Sahihi hiyo hutaitia. Sikuombi ufikirie, nakuambia. Usikimbilie kikaoni kwanza wala kwa mama mkwe. Anza na Mfaume, usiku baada ya futari, akiwa ameshiba, watoto wakiwa wamelala. Mwambie: mkaja ule ndio uliokubana usipumue, niliukaza mimi, na sista alipoufungua ndipo ulipopona, na alinisitiri. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki hiyo. Lakini mwanamume aliyepona husikia haraka kuliko unavyodhani, na yeye mwenyewe anaijua siku aliyoanza kupumua tena.

Kwa mama mkwe nataka heshima na nataka ukweli, na vyote vinakaa pamoja. Mbele za watu sema "nilifunga mimi," kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, mkono ulikuwa wako. Aliyeuleta mkaja hakuna haja ya kutajwa kikaoni, na mkiwa peke yenu ukumbini utamweleza taratibu kwamba tumbo la kisu na tumbo la uzazi ni matumbo mawili. Yule mama alimpenda mwanawe kwa alichokijua. Usimgeuze ngao yako wala usimgeuze adui.

Kisha wewe na mumeo mwende hospitali pamoja, kabla ya kikao, mkamtafute sista. Umwombe radhi uso kwa uso. Umwulize anataka useme nini na wapi, maana jina lililochafuliwa ni lake. Halafu mwende kwa mganga mkuu wa hapo, Mfaume aseme kwa mdomo wake kwamba hakupigwa. Bushiri akitaka kuja aje, na akileta ubishi, mpeni hili gazeti. Umesema ni msomaji.

Na ngiri ile itengenezwe, asinitishie kufa nayo, kwa sababu ngiri ikikabwa haingoji ruhusa ya mtu. Safari hii mtakwenda mnajua. Sigara aache leo, siyo wiki ya operesheni, kifua kinahitaji wiki kadhaa kujisafisha. Nyumbani ajizoeze kuvuta pumzi polepole mpaka mwisho, aizuie kwa kuhesabu tatu, aitoe, mara kumi, na arudie. Akizinduka baada ya kisu afanye hivyo hivyo kila saa akiwa macho, aombe dawa ya maumivu kabla hayajamzidi, akae kitako, na siku sista atakaporuhusu, ashuke kitandani bila kubembelezwa. Wewe kazi yako ni kumshikia mto na kumhesabia. Ukiona pumzi inakuwa ya haraka, au joto limepanda, au midomo na kucha zinageuka rangi, usitoke nje kuwapa ndugu habari, mwite sista hapo hapo. Na kama mtu aliyetoka kupasuliwa, au hata asiyepasuliwa, kifua kimemchoma ghafla upande mmoja na pumzi imekatika, hilo huenda likawa jambo lingine, hewa imevuja nje ya pafu na kulibana, na hilo si la mto wala la chupa. Hilo ni la daktari kwa dakika ile ile.

Unaniuliza kama uliliua pafu la mume wako. Hukuliua, na limefunguka. Kinachonining'iniza roho mimi sasa ni mtu mwingine. Yule dada angeweza kuandika mstari mmoja kwenye faili, mgonjwa amekutwa amefungwa mkaja na mkewe, na leo wewe ndiye ungekuwa unajieleza. Alichagua kukukunjia kitambaa chako na kukirudisha mkononi mwako. Tangu hapo ameulizwa, amenyamaza, kazi yake inaondoka, na bado hajakutaja.

Hawezi kujitetea bila kukuvua nguo, na hatakuvua. Anakungoja uje mwenyewe useme. Mwezi huu wa Ramadhani umefunga, Mfungaji, na unajua vizuri kuliko mimi kinywa cha mwenye kufunga kinafaa kusema nini. Idi bado wiki mbili. Usikubali imkute yule dada stoo.