Kofia ya Baba Kwenye Bugi la Idi

Mjukuu wangu Zaina,

Marahaba. Hapa Masuguru tu wazima, goti la babu yako limetulia.

Umeuliza mwanamuziki gani ananikosha. Hao wa kwenye televisheni wanaruka vizuri, ila moshi mwingi! Wangu ni mwimbaji wa bugi, dansi la mchana, siku ya Idi. Nilitoroka nyumbani kwenda kumwona, baba akanifuata na fimbo. Alipoingia tu ukumbini, umeme ukakatika. Mwimbaji akaendelea bila spika, kwa Kizigua chetu, wimbo wa kupalilia. Watu wakamtuza noti; baba akavua kofia yake mpya ya Idi, akamvika.

Naushukuru umeme ule mpaka leo. Tulirudi nyumbani baba kichwa wazi, anaimba. Fimbo niliibeba mimi.

Bibi yako