Kipimo Kikavu

Jumatatu, 4 Novemba
Nimeshusha data tena. Sifuri. Mawimbi ya satelaiti yameanguka Jumamosi mchana, jana yakaanguka tena, na kipimo cha mvua kinashikilia kwamba kulikuwa kukavu. Kila mwenye dishi Pemba anajua mvua ikija picha hukata. Utafiti wangu wa uzamili ni kusema inakata kiasi gani, kwa mvua kiasi gani. Bila namba za mvua sina tasnifu. Nimeichoka fizikia.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimebadilisha waya. Nimebadilisha betri. Programu nimeiandika upya yote. Leo nimemimina maji kwenye kipimo kwa mkono wangu, kikahesabu vizuri kabisa. Kizima! Basi mgonjwa ni mimi.

Jumapili, 10 Novemba
Msimamizi amejibu kutoka Dar. Anauliza, kwa adabu, kama namba za mawimbi nimezipima au nimezitunga. Kwa adabu! Nimelia chooni ili mama asisikie. Tasnifu inatakiwa vuli hii hii. Muda nilishaongezewa, hawaongezi tena.

Jumatano, 13 Novemba
Nimeshinda Pujini kwa shangazi, Bi Time. Kipimo nimekifunga uani kwake kwa sababu hapana mti wa kukikinga. Tulikuwa tunachambua karafuu, wingu likafunga. Tone la kwanza tu, shangazi karuka. Jamvi la karafuu ndani. Nguo ndani. Kisha akachukua beseni, akakifunika kipimo changu, na jiwe juu yake. Mvua ikianuka hulitoa. Ndivyo afanyavyo siku zote.

"Chombo cha watu, mwanangu, nkiache kirowe?" Anajifuta uso, anacheka. "Hakijarowa hata siku moja, alhamdulillahi."

Hasira ninayo, pa kuiweka sina. Nimemwambia ahsante.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimemwandikia msimamizi ukweli wote. Anasema ananiamini, ila chuo hakitoi shahada kwa beseni. Jina langu litaondolewa kwenye orodha ya wanafunzi. La kuvunda halina ubani.

Alasiri nimekwenda Pujini kukifungua kipimo nikirudishe chuoni. Nilikusudia kumweleza shangazi. Kanikaribisha, kanipa chai, kaniuliza masomo. Nikasema yanakwenda. Akaingia ndani kuswali, na mvua ikaanza. Nimeanua karafuu. Nimeanua nguo. Kisha nikachukua beseni nikakifunika kipimo, asije akatoka akakikuta kinarowa.