Kwa Kaka Uliye Maskati: Mtandao wa Baba Haukuwa na Kosa

Kaka,

Barua ya ndugu huanza na "mpendwa". Hilo leo sina. Jina lako nalo silitaji, wengine watakaoisoma barua hii ya wazi hawana haja nalo, na wewe utajijua kabla hujafika mbali. Baba haya hayatamfikia. Macho yamefifia, na maandishi marefu anayemsomea ni mimi.

Unakumbuka baraza la duka letu la mapazia, Kariakoo? Ikishaswaliwa Alasiri tu, baba anatoa kimeza, kete za dhumna zinamwagwa, na wewe unakaa mbele yake. Dhumna huchezwa wawili wawili, na mwenzi wake ulikuwa wewe tangu una miaka kumi. Wazee wenzake walikuwa wakilalamika, "Huyu mtoto anausoma mkono wa babake, haiwezekani!" Mimi kazi yangu ilikuwa kupitisha kahawa na kashata. Nilisimama nyuma yako na sinia miaka na miaka, nikajifunza kila kitu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua. Siku moja nikakunong'oneza kete ya kuweka, mkashinda, baba akakukumbatia wewe. Ukanikonyeza. Nilikupenda sana siku ile, mjinga mimi.

Uliposafiri, wale wazee walishapungua, huyu kafariki, yule kahamia kwa mwanawe. Ukamwekea baba gemu ya dhumna kwenye simu. "Wewe Kariakoo, mimi Maskati, lakini mezani tuko pamoja, baba." Na mwaka wa kwanza ulitimiza, haki yako sikunyimi. Baba alikuwa anapiga kwanza meza kwa kiganja, pwaa, ndipo anagusa skrini kwa kidole kimoja. Akikusikia ukisema, "Umewamaliza, baba!" anageuka kuangalia kama na sisi tumesikia.

Kisha ikaanza kugoma. Maandishi mekundu ya Kizungu, imeshindwa kuunganishwa, basi. Baba Kizungu hasomi. Akaipiga picha skrini kwa simu yangu, akakutumia wewe mtaalamu wa kompyuta, fahari ya ukoo. Ukamjibu, "Mtandao wa Bongo huo, baba. Zima simu, hesabu mpaka sitini, washa."

Nilimwona akihesabu, kaka. Midomo inatikisika kama yuko kwenye tasbihi. Sitini ikafika, akawasha, ikagoma. Ukamwambia asogee dirishani. Akasogea. Ukamwambia abadilishe laini. Akaenda Posta na mguu wake ule unaovimba, akapanga foleni tangu asubuhi, akarudi na laini mpya na uso wa mtu aliyefaulu mtihani. Ikagoma vilevile. Ukamwambia labda majengo yanaziba, apande juu. Ghorofa nne, lifti hatuna! Mzee wa miaka sabini na sita yuko juu ya paa, katikati ya matangi ya maji, ameinyoosha simu juu. Nilipotaka kuiangalia mwenyewe ukaniandikia, "Usiiguse simu ya baba, utaharibu." Nikakutii, kwa sababu wewe ndiye msomi.

Nikamwambia, basi baba, tutoe zile kete zetu kabatini, nicheze na wewe mimi. Akaniangalia kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulioniuma. "Mwenzangu ni kaka yako, mwanangu. Itakubali tu."

Mwezi uliopita alishikwa na homa. Ijumaa moja, mchana, amelala, nikaichukua simu yake nijaribu bahati yangu. Nikasoma. Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini Kizungu kile cha chini ya maandishi mekundu hata mimi nilikielewa: programu yako ni ya zamani, iapdeti ndipo uweze kuunganishwa. Mstari mmoja! Nikarudi kwenye simu yangu, nikafungua picha alizokuwa anakutumia. Miezi minane, picha ile ile tena na tena, na katika kila picha ule mstari upo, unasomeka. Na wewe chini yake: mtandao, baba. Mtandao huo. Vumilia.

Kutengeneza programu ndiyo kazi inayokulisha. Usije ukaniambia hukuona.

Simu ilikuwa imejaa, apdeti haiingii. Nikafuta mamia ya picha za maua za "Ijumaa Karim" ambazo shangazi hutuma, nikabonyeza. Dakika nne, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Ikafunguka.

Nikamwamsha baba. Jina lako lilikuwa pale juu na kitone cha kijani, maana yake upo, unacheza. Chini yake michezo yako ya jana, ya juzi, ya wiki nzima, na wenzi wengine. Baba akavaa miwani, akasoma yote. Hao wengine hakuwataja. Akasema, "Mwite."

Nikakuita. Ukakataa.

"Kabonyeza vibaya huyo. Mwite tena."

Ukakataa. Mara ya tatu kitone kikazimika. Ulijificha, kaka, mtu mzima na ndevu zako.

"Atakuwa kazini," akasema baba.

Siku ya Ijumaa! Maskati siku ya Ijumaa wewe una kazi gani? Baba kaishi huko miaka sita ujanani mwake, anajua hilo kuliko mimi. Akavua miwani, akaikunja, akageukia ukutani.

Ulimchoka. Sawa. Anacheza polepole, anasimulia yale yale, hata mimi kuna siku namchoka na ninakaa naye. Ungemwambia, "Baba, nimebanwa," angeumia siku mbili, yakaisha. Wewe ukaona bora umwingize mjini baba yako mzazi, umpandishe ghorofa na mguu wake ule, kumbe mwenyewe uko kitako unacheza na watu usiowajua. Huna haya. Sikuombei mabaya mengi, nakuombea moja tu: Mungu akupe watoto wanaokufanana.

Homa ilipomwacha akaniita.

"Mwanangu, unaweza kuirudisha ile ya zamani?"

"Ipi, baba?"

"Ile iliyokuwa inagoma."

Nikajifanya sijaelewa. Akanieleza taratibu, bila hasira, kama anavyomweleza mteja kitambaa. "Kwenye ile nilikuwa najua anataka kucheza, ila mtandao."

Nikampelekea fundi wa simu pale Msimbazi. Akanishangaa. "Sista, watu wanakuja niwaondolee ya zamani, wewe unataka niirudishe?" Nikamwambia rudisha. Nilikuwa nalia, akadhani nimeibiwa.

Sasa baba anatoka tena barazani. Anagusa skrini, inagoma, anawalalamikia majirani, nao wanamwitikia, maana nani Kariakoo hajawahi kuulaani mtandao? Uso unamnyooka. Anakunywa kahawa yake.

Kwa hiyo sikiliza, na nakujua. Umefika hapa, unataka kumpigia, ulie, umwombe radhi. Usithubutu! Ukimwomba radhi leo utakuwa umemthibitishia kwa mdomo wako, na hicho ndicho alichonituma kwa fundi nikifiche. Toba yako katubu kwa Mungu. Baba utaendelea kumdanganya vizuri, kwa adabu, kila akikuuliza, mpaka siku nitakapokupigia uje umzike. Hata siku hiyo watu wakikuuliza unalilia nini, nyamaza.

Amekutumia picha leo tangu Alasiri. Ameniuliza mara tatu kama umejibu. Mjibu.

Mdogo wako uliyemwachia baba