Upande wa Mizizi

Jumanne, 10 Juni 1975

Bi Mwanamkuu wa mtaa wa pili kaleta kitanda cha marehemu mama yake hapa kwenye ushirika wetu wa maseremala, Msimbazi. Tendegu moja, mguu wa kitanda, limeliwa na mchwa! Bintiye anaolewa, atalalia hicho hicho. Sharti la tendegu jipya: upande wa mizizi uwe chini, mti usimame kama ulivyosimama porini. Ukipinduliwa, anasema, mlalaji hapati usingizi. Nilitaka kucheka. Fundi Mwinyimvua hakucheka — akasema atakayelikereza kwenye mashine ni Severa. Mimi! Miezi kumi napiga msasa tu. Nikiharibu, narudi kwenye msasa. Na mninga mkavu umebaki kipande kimoja.

Jumatano, 11 Juni

Fundi katia chaki mwisho wa mizizi wa kile kipande. Nikamuuliza: umejuaje? Kanionyesha fundo la tawi: tawi huelekea juu. Kumbe! Ncha zote zina nyufa. Nimezikata, zikabaki safi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimechora mistari ya pembe kwa pembe kwenye ncha zote mbili; inapokutana ndipo katikati. Nikaondoa pembe kwa randa. Halafu natafuta chaki — haipo! Wala fundo. Nilivikata na nyufa, mjinga mimi. Nikakimbilia kwa Paskalina wa chai, ndiye huchukua vipande. Vimeshachemsha chai. Na chai yenyewe nimeinywa.

Ijumaa, 13 Juni

Fundi yuko msikitini. Nimewaza: mti si mzito zaidi karibu na mizizi? Nikaliweka gogo letu la mninga lielee kwenye beseni la maji. Upande mmoja ukazama kidogo! Mara tatu, ule ule. Nikafuta maji haraka. Nikagongomea mwisho mwepesi kwenye meno ya mota inayozungusha mti, kushoto; mzito, wa mizizi, ukakaa kulia, ambako hukerezwa chini ya tendegu, nikapaka grisi ncha ya chuma inayoushikilia, mti usiungue. Nikazungusha kwa mkono: haligusi popote. Raha!

Fundi aliporudi nikamweleza yote, hata chai. Akasema: lilale hapo hapo, kesho tuone.

Jumamosi, 14 Juni

Mlango wazi, Fundi yuko kwa Paskalina. Gogo limegeuzwa! Kovu la meno ya mota sasa liko kulia. Ananijaribu, au nimekosea kweli? Naogopa, lakini hamu ya kujua imezidi.

Beseni lilisema mara tatu. Nimelifungua, nimelirudisha nilivyoliweka mimi.

Fundi anakuja, kikombe mkononi, Bi Mwanamkuu nyuma yake. Anatazama upande wa kulia tu, kuona kama kovu bado lipo —