Nilimwimbisha Baba Bila Kumuuliza

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla nyumba yetu haijawa ya watu wasiosalimiana. Mimi natengeneza muziki kwa kompyuta chumbani kwangu, na baba yangu ni fundi viatu mwenye kigugumizi tangu utotoni, sasa mwezi uliopita nilikuwa najaribu maikrofoni mchana akaingia akaniambia, "Fungua di-di-dirisha, mwanangu, utakosa hewa," na mimi nilikuwa narekodi. Siku hiyohiyo nilikuwa nimepata programu mpya ya mwangwi, ile inayochukua sauti na kuirudisha kwa kuchelewa kidogo, ila hii inaweza pia kuikatakata, kuigeuza kinyumenyume na kuitawanya kulia na kushoto, nikaiwekea sauti ya baba, na ile di-di-di ikaangukia juu ya ngoma barabara, mshauri, mwili ulinisisimka, wala sikucheka, nilihisi sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Nikautoa wimbo bila kumwambia, nikidhani nitamshtukiza kwa furaha, lakini ukasambaa kwenye simu za watu, saluni iliyo jirani na kibanda chake wakawa wanaupiga kutwa, na wateja wakaanza kumsalimia, "Shikamoo Mzee Di-di-dirisha!" Jioni moja alirudi, akatua mfuko wake wa vifaa, akamwambia mama, "Mwambie mwanao nimemsikia." Aliyatamka maneno hayo yote bila kukwama hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Tangu hapo ni wiki ya pili hasemi na mtu nyumbani, akitaka chumvi anaonyesha kwa kidole. Mama ananiambia, "Kamwombe radhi baba yako," lakini mimi naona nikiomba radhi nitakuwa nimekiri kwamba nilimdhihaki, na sikumdhihaki, tena mtangazaji mmoja wa redio ameniomba huo wimbo. Nifanye nini?

Mimi, Mtoto wa Fundi

*

Mtoto wa Fundi,

Nakuamini kwamba hukumcheka. Ila nia yako haisikiki saluni, mwanangu. Kinachosikika pale ni di-di-di, na mwenye nayo yuko kibandani peke yake na sindano mkononi, anaitikia shikamoo za kejeli. Maisha yake yote amekuwa akichagua maneno mepesi ili watu wasimcheke, kisha wewe ukalichukua lile moja lililomponyoka, tena mbele ya mwanawe, mahali alipojiona salama, ukawapa watu wachezee. Hilo ni kosa hata kama wimbo ni mtamu. Ulipata muda wa kuigeuza sauti yake kinyumenyume, ukakosa dakika moja ya kumuuliza?

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu hupigwa deki. Leo hii uondoe wimbo kila mahali ulipouweka kwa mkono wako. Mtangazaji mwambie haupo. Kisha nenda saluni, uwaambie wale kwa kinywa chako kwamba Mzee ni baba yako na utani umekwisha; usimwachie yeye kazi hiyo.

Halafu kaa na baba, nyumbani, si kibandani mbele ya wateja, wala usimtume mama. Sema, "Baba, nimekosa." Ishia hapo. Neno "lakini" lisikutoke, na habari za ngoma na mwangwi zisubiri siku nyingine. Moyo wake ukipoa, ndipo umwombe akuruhusu umsikilizishe, nyinyi wawili tu, umweleze ulichokisikia katika sauti yake. Huenda akapenda, huenda asipende. Akikataa, futa na ile nakala uliyoificha, maana najua unayo.

Na siku atakapofungua kinywa kukujibu, akakwama katikati, usimmalizie neno. Tulia, mtazame usoni, umsubiri alifikishe mwenyewe.

Mshauri wako