Njoo na Kaki Yako

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Usiniambie limepoa, maana Mama ameshanieleza kwamba ukiinuka unashika ukuta. Mimi ni mzima, ila baridi ya Minnesota haina adabu: mwezi wa nne huu na theluji bado imekaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Kaka Mwakio amenitobolea siri yako. Eti viza imetoka, na badala ya kufurahi unatafuta suti ya kuazima uje nayo kwenye mahafali yangu, kwa sababu tarishi mstaafu asimwaibishe binti mbele ya Wazungu. Baba! Umenichoma moyo. Hebu kaa nikusimulie.

Ofisini ninakofanya kazi huku nikisoma, hapa Eden Prairie, bosi alitangaza kwamba Ijumaa wageni wanakuja, sote tuvae kaki. Mimi kaki naijua moja tu, ile sare yako ya kazi. Nikanunua shati na suruali, nikakoroga uji mwepesi wa muhogo nikazitia wanga, nikapiga pasi kama Mama alivyonifunza mpaka zikasimama zenyewe. Mkanda nikafunga, viatu nikang'arisha. Kufika, lo! Wenzangu wako na suruali laini za rangi ya mchanga na fulana juu. Kumbe kwao kaki ni nguo ya kujilegeza! Mimi peke yangu niko tayari kupeleka faili kwa DC.

Walicheka, nami nikacheka, ingawa masikio yaliwaka moto. Shabana, mama wa Kipakistani tunayekaa naye meza moja, hakucheka. Alishika ukosi wangu akauliza nani kanifunza pasi hii. Kisha akaniambia neno "kaki" Waingereza hawakulizaa, walilikuta Bara Hindi. Kwa Kiurdu maana yake ni rangi ya vumbi, na asili yake Kiajemi, ambako "khak" ni vumbi au udongo. Askari wao kule walivaa nyeupe, wakaonekana toka mbali, ndipo wakazitia nguo rangi ya udongo.

Vumbi, Baba! Nikakumbuka lile jekundu la Voi, na wewe juu ya baiskeli na mfuko wa barua. Nguo ya jina la vumbi, na hukukubali hata chembe moja itue juu yake! Basi nikawaambia wote pale pale: baba yangu alivaa hii miaka yote ya kazi, kwa jua na mvua, na ndiyo iliyonisomesha. Kicheko kikakatika. Bosi mwenyewe akaomba nimfundishe kutia wanga. Nilijidai wiki nzima, sikufichi.

Kwa hiyo suti ya watu achana nayo. Mwambie Mama aipige pasi kaki yako, na sweta uvae ndani, usije ukaganda bure.

Nisalimie Mama, mwalimu wangu wa pasi. Shangazi Mkamburi wa mbaazi sokoni. Na Mwakio, ingawa hajui kutunza siri. Mungu akulinde njiani.

Siku ile, chini ya joho jeusi, nitakuwa nimevaa kaki yangu. Tukisimama pamoja nitalifungua joho, kila mtu aone mimi ni wa nani.

Binti yako,
Mghoi